Masanduku Yamerudi, Mayssa Bado

Mwezi wa Ramadhani shule ya Mayssa mjini Sfax hufungwa mapema, na walimu hukasirika mapema zaidi. Si kosa lao. Mtu aliyezoea kahawa tangu asubuhi, ukimnyima hadi magharibi, hata kumwuliza saa ni hatari. Wanafunzi wanalijua hilo, kwa hiyo kengele ya mwisho ikilia, uwanja hubaki mtupu kabla haijamaliza kulia. Wanaobaki ni mlinzi, paka wa mlinzi, na wanachama wa klabu ya kompyuta.

Mayssa Chaabouni alikuwa mwanachama wa klabu hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miwani iliyopenda kuteleza puani, na ulimi ambao mama yake aliuombea dua kila baada ya swala. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kwenye chumba cha seva. Usiwaze chumba cha ajabu chenye taa za rangi. Kilikuwa stoo ya magodoro ya mazoezi, na harufu ya soksi ilikuwa bado haijahama. Mezani palikuwa na kibodi na skrini, na chini ya meza mashine nyeusi iliyokoroma mchana kutwa kama mjomba aliyeshiba. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa seva, yaani posta ya shule. Kila mwalimu na kila mwanafunzi alikuwa na sanduku lake la barua pepe ndani yake.

Seva ile haikuwa na picha za kubofya. Skrini ilikuwa nyeusi tii, na kazi yote ilifanywa kwa kuandika amri, mstari baada ya mstari. Ukiiamuru iorodheshe, inakuletea majina ya masanduku yote yaliyomo kwenye hifadhidata yake. Ukiiamuru iunde sanduku jipya, inaunda. Ukiiamuru vibaya, inakujibu kwa mkato, kama muuza samaki uliyemwuliza bei mara mbili bila kununua.

Mayssa aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote shuleni. Siku hiyo alimwundia sanduku mwanafunzi mgeni. Kisha akampanulia nafasi mwalimu wa jiografia, ambaye sanduku lake lilikuwa limejaa pomoni. Alipomaliza alifunga mlango, akamkabidhi mlinzi ufunguo, akaenda zake nyumbani kumsaidia mama kukunja briki, zile sambusa nyembamba za futari. Hakuna lingine alilofanya. Likumbuke hilo, maana kesho yake watu wengi walilisahau.

Asubuhi iliyofuata, kabla Mayssa hajavuka geti, sauti ilimfikia.

"Chaabouni! Njoo hapa! Njoo hapa sasa hivi!"

Alikuwa Bi Saloua Ben Ayed, msimamizi wa nidhamu. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini akikasirika uwanja wote ulionekana mdogo. Alisimama katikati ya wanafunzi waliokuwa wakisubiri kuingia darasani.

"Sabalkheri, Bi Saloua," Mayssa akasalimu.

"Kheri gani? Kheri ipi? Sanduku langu la barua limekwenda wapi?"

Mayssa aliduwaa. "Sanduku lako?"

"Usinirudie kama kasuku! Nimefungua kompyuta asubuhi, naambiwa simo. Mimi, Saloua Ben Ayed, niliyekuwa shule hii kabla hujazaliwa, seva inasema hainijui! Ratiba ya mitihani imo humo. Barua za wazazi zimo humo. Na si mimi peke yangu. Nusu ya shule imefutwa! Jana nani alikuwa kwenye chumba kile?"

"Mimi, lakini..."

"Nani mwingine?"

"Hakuna, lakini..."

"Sanduku lako wewe lipo au halipo?"

Mayssa alitoa simu, akatazama. "Lipo."

"Haya!" Bi Saloua aligeukia uwanja kama wakili aliyeshinda kesi. "Mmesikia? La kwake lipo!"

Damu ilimpanda Mayssa hadi masikioni. "Bi Saloua, mimi siwezi kufuta sanduku. Sisi wa klabu tunaruhusiwa kuorodhesha, kuunda na kupanua tu. Nikijaribu kufuta, seva inanikatalia. Hata Ustadh Lotfi mwenyewe, ambaye ndiye mkuu wa seva, inamkatalia mpaka kwanza aandike amri ya kujipa ruhusa. Ndivyo ilivyotengenezwa, ili mtu asifute kitu kwa bahati mbaya."

"Maneno ya kompyuta usinimwagie, nimefunga!"

"Hata mimi nimefunga, Bi Saloua."

Wanafunzi wakacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la pekee siku ile, kama ukweli unahesabiwa kuwa kosa. Bi Saloua akapaza sauti zaidi. "Watoto wa siku hizi! Mkipewa kibodi mnadhani mmepewa nchi! Kuanzia leo huna klabu. Na leo hii nakupeleka baraza la nidhamu."

Pembeni alikuwa amesimama Ustadh Lotfi Gargouri, mwalimu wa kompyuta, aliyeianzisha klabu na kuzunguka shule nzima akiiombea ile stoo. Mayssa alimtazama. Alijua atasema. Mtu mmoja tu shuleni alijua hasa nani anaweza kufuta na nani hawezi, na mtu huyo alikuwa pale pale, hatua chache tu kutoka kwake.

Ustadh Lotfi alikohoa. "Nitaichunguza seva," alisema, akainama kutazama viatu vyake.

Basi. Hakuongeza neno. Mayssa aliona afadhali angepigwa kofi.

Watoto wa shule hawahitaji ushahidi, wanahitaji jina la utani tu. Kufikia mapumziko Mayssa alikuwa ameshapewa jina: Kifutio. Akipita, wavulana wanajiziba nyuso. "Jamani, Kifutio huyo! Ficheni majina yenu!" Msichana mmoja wa darasa la juu alimwuliza kama anaweza kumfutia alama zake za hesabu. Mwingine, ambaye kazi yake ya historia ilipotea pamoja na sanduku lake, hakufanya utani. Alimtazama tu kwa macho mekundu, akapita.

Hata Skander Ben Romdhane, rafiki yake wa klabu, alimjia akijikuna kichwa.

"We Mayssa, niambie ukweli, sitasema. Umenifuta kwa sababu ya ile mechi niliyokushinda?"

"Hukunishinda."

"Aa, basi ndiyo sababu."

"Skander, wallahi nitakufuta kweli, na si kwenye kompyuta."

Skander alicheka, kisha akaona macho yake, akaacha. "Sawa. Nakuamini. Ila Bi Saloua hakuamini, na yeye ndiye mwenye mhuri."

Mchana Bi Saloua alimwita ofisini. Safari hii sauti yake ilikuwa laini, na ulaini ule ulimtisha Mayssa kuliko makelele.

"Keti, binti. Mimi pia ni mzazi. Idi imekaribia, sitaki kumharibia mama yako sikukuu. Chukua karatasi hii uende nayo nyumbani. Andika kwa mkono wako kwamba ulifuta masanduku, kwamba hukukusudia, na kwamba unaomba radhi. Uilete kesho asubuhi. Baraza la nidhamu nitalifuta. Utatoka tu kwenye klabu, na mambo yatakwisha."

"Lakini sikufuta."

"Nimekwambia andika kwamba hukukusudia."

"Bi Saloua, sikufuta. Kwa kukusudia wala kwa kutokusudia."

"Chaabouni," Bi Saloua alisema, akifumba macho kama mtu anayeumwa kichwa, "nakufungulia mlango. Usinifanye niufunge."

Nyumbani, mama yake Mayssa, Bi Najet, alikuwa amezungukwa na unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa akitengeneza kaak, biskuti za Idi. Alisikiliza habari yote bila kuacha kuviringisha vipete vya unga. Mayssa alipofika kwenye habari ya karatasi, mikono ikasimama.

"Akasema ukiandika, hupelekwi kwenye baraza?"

"Ndiyo."

"Basi andika, binti yangu. Andika tumalize. Wewe hujui baraza lilivyo. Utasimamishwa, majirani watajua, shangazi zako watajua. Idi nzima nitakuwa nikieleza badala ya kula. Mstari mmoja tu, mama. Nani atakufa?"

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo, niko hapa hapa."

"Mwezi mzima unaniambia nikisema uongo saumu yangu ni njaa tu. Leo unaniambia niuandike, niutie na sahihi?"

"Huo si uongo wa kumwibia mtu. Ni wa kujiokoa."

"Kujiokoa na nini? Nikiandika, kesho ndiyo nitakuwa nimefuta kweli. Itakuwa imeandikwa, na kwa mwandiko wangu! Nikiwa mzee wataniambia, si wewe uliyefuta barua za shule? Na aliyefuta hasa atakuwa amekaa mahali anakula briki!"

Bi Najet alijipangusa unga. Akachukua kipete kimoja, akakiviringisha upya, ingawa kilikuwa kizuri tayari. "Unaapa hukufanya?"

"Naapa."

"Ulimi wako huo umetoka kwa baba yako, si kwangu," alisema mwishowe. "Sikulazimishi. Lakini kama huandiki, basi kesho uwe na la kusema zaidi ya sikufanya. Sikufanya kila mtoto anasema, hata mdogo wako mwenye jamu mashavuni."

Neno hilo lilimkaa Mayssa. Alilala nalo, akaamka nalo wakati wa daku, na alipofika shuleni asubuhi karatasi ilikuwa bado nyeupe, lakini kichwani alikuwa na swali. Alimtafuta Skander uwanjani.

"Wewe umepotelewa na sanduku," alimwambia. "Mimi sikupotelewa. Kwa nini?"

"Kwa sababu we ni mhalifu mwerevu na mimi ni mtu mwema."

"Nauliza kweli! Bi Saloua aliona langu lipo, akasema basi ni mimi. Lakini yapo mengine mengi. La mwalimu wa jiografia lipo, nimemwona jana akilisoma. Twende tuwaulize watu."

Wakazunguka uwanja. Walipoitwa Kifutio na msaidizi wake hawakujali, wakauliza tu. Masmoudi? Lipo. Sellami? Lipo. Ben Amor? Limekwenda. Kammoun? Lipo, namshukuru Mungu, kwa nini unauliza, unataka kulichukua? Ben Hamida? Limekwenda. Fourati? Lipo. Ben Salem na dada yake? Yamekwenda yote mawili.

Mayssa alisimama ghafla katikati ya uwanja, mvulana mmoja akamgonga mgongoni.

"Skander. Ben Romdhane."

"Naam, ndilo jina langu, umelikumbuka, asante."

"Ben Amor. Ben Hamida. Ben Salem. Bi Saloua Ben Ayed!"

Mjini kwao, ukirusha jiwe sokoni litampata Ben fulani, na likiruka litampata mwingine. Na kwenye seva ya shule, jina la sanduku lilianza na jina la ukoo.

"Hakuna mtu aliyekaa akafuta sanduku moja moja," Mayssa alisema. "Ametumia kinyota."

Katika lugha ya seva, kinyota ni alama ndogo inayomaanisha "na chochote kitakachofuata". Ukiandika herufi chache na kinyota mbele yake, seva inachukua kila sanduku linaloanza na herufi hizo, hata kama ni mia. Ni njia ya mkato. Inaokoa muda sana, na inaharibu haraka sana.

"Lakini nani atake kuwafuta akina Ben wote?" Skander aliuliza. "Mimi nimemkosea nani?"

"Hakuna aliyetaka. Kuna Ben mmoja tu aliyetakiwa kufutwa." Mayssa alishika miwani yake. "Watoto wa Benzarti. Si walihamia Gabès na wazazi wao wiki iliyopita? Masanduku yao yalikuwa yakingoja kufutwa. Nani hufuta masanduku ya waliohama? Nani ana nywila ya mkuu wa seva, anayeweza kujipa ruhusa ya kufuta?"

Wote wawili walijua jibu. Hakuna aliyetaka kulitamka.

Wakati huo huo kelele zilizuka upande wa madarasa, kelele za furaha. Masanduku yalikuwa yamerudi! Watu walifungua simu zao, barua zote zimo, za zamani na mpya. Skander naye alifungua lake, akalikuta, akaibusu skrini. Bi Saloua alitoka ofisini akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

"Ustadh Lotfi ameyarudisha yote!" alitangaza. "Mungu ambariki! Yule ni mwalimu kweli kweli! Anatengeneza kinachoharibiwa na wengine!" Akamwona Mayssa. Tabasamu likakunjwa, likarudishwa mfukoni. "Na wewe, karatasi yangu iko wapi?"

"Bado nyeupe, Bi Saloua."

"Una bahati barua zimepatikana. Lakini usidhani kosa limefutika. Nakusubiri kabla ya kengele ya mwisho. Baada ya hapo ni baraza."

Mayssa hakujibu. Angejibu, angesema neno ambalo lingemletea baraza jingine. Aligeuka, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha seva, na Skander akamfuata kwa nyuma akisema, "Taratibu, Mayssa, taratibu, ni mwalimu yule."

Ustadh Lotfi alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi. Nje watu walikuwa wakilishangilia jina lake, lakini yeye alionekana kama mtu aliyefiwa. Mayssa hakubisha hodi.

"Ustadh, ulitumia kinyota."

Mwalimu hakugeuka. Kimya kilichofuata kilikuwa jibu tosha, ila Mayssa hakuridhika na jibu la kimya. Majibu ya kimya alishayapata ya kutosha.

"Ulitaka kuwafuta akina Benzarti, ukaandika ben na kinyota. Sivyo?"

"Ndivyo," Ustadh Lotfi alisema polepole. "Nilikuwa nyumbani. Niliingia kwenye seva kwa kompyuta yangu. Adhana ilikuwa karibu, supu ya shorba imeshapakuliwa, mke wangu ananiita. Nikajipa ruhusa kwa kinyota, nikafuta kwa kinyota, nikafunga kompyuta, nikaenda kula tende. Sikuorodhesha kwanza nione ni akina nani nitawagusa. Hata sikujua. Nilikuja kujua juzi usiku... hapana. Acha niseme kweli. Nilihisi jana asubuhi, pale pale uwanjani, Bi Saloua alipotaja jina lake."

"Pale pale?" Mayssa aliuliza. "Ulipokuwa unatazama viatu?"

"Pale pale."

"Na ukaniacha?"

"Nilijua barua hazijapotea. Seva yetu haitupi sanduku siku ile ile. Inaliweka pembeni kwa siku kadhaa, na mkuu anaweza kuliamuru lirudi mahali pake. Nikasema moyoni, nitayarudisha haraka, watu watafurahi, jambo litasahaulika, wala hakuna atakayeumia."

"Hakuna atakayeumia! Mimi ni nani basi, paka wa mlinzi?" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira, kana kwamba nayo yamemkosea. "Wananiita Kifutio, Ustadh! Mama yangu ameniomba niandike uongo ili apate kula Idi kwa amani! Bi Saloua ananisubiri na karatasi! Masanduku yamerudi yote, hata la Skander ambalo halina chochote cha maana..."

"Oya," Skander alisema kwa sauti ndogo.

"...lakini mimi sijarudishwa. Mimi ndiye niliyebaki nimefutwa! Na mimi, Ustadh, hakuna amri ya kunirudisha. Ni mdomo wako tu."

Ustadh Lotfi alivua miwani, akajifuta uso. Kisha akasimama. "Skander," alisema, "mwite Bi Saloua. Mwambie aje hapa. Mwambie ni mimi ninayemwita, na ni mimi mwenye makosa."

Bi Saloua alifika akihema, maana ngazi za shule ile hazimjali aliyefunga. Ustadh Lotfi hakuzunguka. Alimweleza yote kwa maneno mepesi, kisha akaiamuru seva iorodheshe masanduku yote yanayoanza na ben. Majina yakamiminika kwenye skrini kama maji ya bomba lililopasuka. La kwake Bi Saloua lilipita karibu na mwanzo.

"Hivi ndivyo nilivyowaondoa," alisema. "Mimi, si Mayssa. Yeye hana hata uwezo huo, na jana alikueleza hivyo. Nilimsikia, nikanyamaza."

Uso wa Bi Saloua ulibadilika rangi. Kwanza alimgeukia mwalimu. "Nimekuombea dua mbele ya shule nzima! Nimesema Mungu akubariki!"

"Najua, Bi Saloua."

"Dua ya mtu aliyefunga! Itarudije sasa?"

Kisha hasira ikamwishia, kwa sababu Mayssa alikuwa amesimama pale na ile karatasi nyeupe mkononi. Bi Saloua aliitazama karatasi.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini, "nisamehe."

Ilikuwa rahisi kusema ahsante na kwenda zake. Skander alimkonyeza afanye hivyo. Lakini Mayssa alivuta pumzi.

"Bi Saloua, nakuheshimu. Ila jana ulinihukumu uwanjani, mbele ya watu wote. Leo unaniomba radhi kwenye stoo ya magodoro."

"Mtoto, una ulimi!"

"Ndiyo, Bi Saloua. Mama yangu anauombea dua."

Skander aliuma mkono wake asicheke. Bi Saloua alimkazia macho Mayssa kwa muda mrefu, kisha akatoka nje bila neno. Walidhani amekasirika. Lakini punde kengele ililia, kabla ya wakati wake, na shule yote ikaitwa uwanjani.

Bi Saloua alipanda ngazi ya mbele ya ofisi. Ustadh Lotfi alisimama kando yake, na safari hii hakutazama viatu. Alieleza kosa lake mwenyewe, la kinyota na la kunyamaza, na akasema la pili ndilo baya zaidi. Wanafunzi walisikiliza bila kunong'ona, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale. Kisha Bi Saloua akasema:

"Jana nilimtuhumu Mayssa Chaabouni kwa kuwa alikuwa karibu, na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika. Sikuuliza zaidi. Nilipaswa kuuliza. Lakini nilifanya jambo baya kuliko hilo. Nilimpa karatasi, nikamwambia akiri kosa nisilokuwa na hakika nalo, ili mimi nipumzike. Nilidhani namhurumia. Kumbe nilikuwa namfundisha uongo. Sikilizeni vizuri, wanangu. Mmefundishwa kwamba ukikosea, ukiri. Ni kweli, na Ustadh Lotfi amefanya hivyo mbele yenu. Lakini kukiri kosa ambalo hukulifanya si adabu, wala si unyenyekevu. Ni uongo, na unamficha aliyekosea, na kosa linabaki pale pale likingoja kurudiwa. Binti huyu alikataa kuniandikia uongo, ingawa mimi ni mkubwa na nilikuwa na mhuri. Mayssa, nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Na yeyote atakayekuita Kifutio baada ya leo, atakuja kunieleza mimi ofisini, tena kabla ya futari."

Hapo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Mchana wa siku ile, uwanja ulipokwisha kuwa mtupu, Mayssa alirudi kwenye zamu yake. Kulikuwa na kazi moja iliyobaki, kwa sababu watoto watatu wa Benzarti walikuwa bado wamo kwenye seva, pamoja na akina Ben wengine wote waliorudishwa. Ustadh Lotfi alikaa kwenye kibodi, akaandika amri ya kujipa ruhusa, kisha ya kufuta. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe, kikingoja.

"Soma kwa sauti," Mayssa alimwambia, akiwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

Mwalimu akasoma majina matatu, moja baada ya jingine, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Hakika?"

"Hakika, Mwalimu Mayssa."

"Haya," alisema Mayssa, "bonyeza."